Shule hutuita kwa michango na makosa tu
Eti wazazi wa sekondari tumewaachia walimu kila kitu tangu serikali ifute ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016? Nakataa. Mimi ni mama lishe, binti yangu yuko kidato cha tatu, na miaka miwili mizima niliitwa shuleni kwa mchango wa chakula au utoro. Nani atakimbilia kikao cha kusomewa madeni? Kilichonibadilisha ni simu ya mwalimu wa hisabati: mtoto haogopi tena kwenda ubaoni, nisimtume gengeni jioni, nimwachie lisaa limoja asome. Hilo naliweza, ingawa hesabu zenyewe sizijui. Sasa madaftari nayafunua kila Ijumaa. Wenzangu, mmewahi kupigiwa simu ya heri na shule?