Kuhusu roboti "kusoma hisia" za mtoto

Makala moja kuhusu roboti za kuwafundisha watoto inadai kwamba roboti huutazama uso wa mtoto, hujua kama amechoka au amechangamka, kisha hubadili mwenendo wake papo hapo. Hapo pametiwa chumvi. Kamera humpoteza mtoto anapoinama au kugeuka, na paji lililokunjamana laweza kuwa la uchovu au la kufikiri tu. Kinachotegemeka zaidi ni majibu yenyewe ya mtoto kwa maswali ya roboti: ni sahihi au la, na yamechukua muda gani. Makosa ya harakaharaka mfululizo huashiria kubahatisha, basi roboti ipunguze kasi na kutoa dokezo. Jibu sahihi lililochelewa halidai swali jepesi, ladai subira. Tatizo kubwa, ambalo makala haikuligusa kabisa, ni usikivu wa roboti yenyewe. Programu nyingi za kutambua usemi zimefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima. Sauti ya mtoto ni nyembamba, matamshi hayajatulia, na husita katikati ya sentensi. Roboti inayochukulia ukimya wa sekunde 1 kuwa mwisho wa jibu itamkatiza, naye ataacha kuongea. Kwa wadogo ongezeni hadi sekunde 2 au 3, na majibu muhimu yapokelewe kwa kugusa skrini ya tableti. Hata NAO, ile roboti yenye umbo la mtu na kimo cha sentimita 58, katika majaribio mengi huendeshwa na mtu aliyejificha, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo. Mliowahi kuandaa programu za roboti kwa watoto wa chini ya miaka 6, kikomo cha ukimya mnakiweka wapi?