Kasi Tunayo, Ramani Je?

Watu wa huku Uswidi wakisikia natoka Kenya, hunipongeza kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Wanaamini mbio ni zetu, kwa hiyo na hizi za ramani na dira nitazimudu bila jasho. Nikipiga simu nyumbani naulizwa swali jingine kabisa: huo mchezo wa kutafuta vibendera msituni unalipa? Mimi hushindana katika orientiringi kwa bidii ile ile ambayo wenzangu nyumbani wanaiweka kwenye marathoni, na naona pande zote mbili hazijauelewa mchezo wenyewe.

Ramani unakabidhiwa saa ikishaanza kuhesabu, si kabla. Pembetatu ya zambarau ndipo unapoanzia, na kila duara ni kituo. Kituoni kuna bendera ya kitambaa, nyeupe na rangi ya chungwa, upana wake sentimita 30. Unagusisha chipu iliyo kidoleni kwenye kifaa cha kituoni, kinalia, unaondoka. Njia ya kutoka kituo hadi kituo ni juu yako. Hakuna utepe wala pikipiki ya kuongoza, na hakuna mweka kasi. Mbio ndefu za wanaume kwenye ubingwa wa dunia humchukua mshindi takribani saa moja na nusu, na muda wote huo anasoma karatasi huku akiruka magogo na kuzama kwenye tope la kinamasi.

Chukua kituo kimoja tu. Mbele yangu kuna kilima. Kushoto kuna njia ya kusafirishia magogo inayozunguka mbali. Kulia ramani ni nyeupe, yaani msitu unaopitika kwa kasi, kisha inakuwa kijani kilichokolea, yaani vichaka vya kukukwangua mikono na kukusimamisha. Katikati kuna kontua saba, yaani mistari ya mwinuko, kila moja mita tano, hivyo kwenda moja kwa moja ni kupanda mita 35. Mwenye mapafu tu atapanda. Anayejua mchezo atatafuta kwanza jabali kubwa lililo karibu na kituo, atakimbia hadi hapo kwa nguvu zote bila kujishughulisha na vitu vidogo, halafu atapunguza mwendo na kusoma kila mwamba na kila kibonde. Yote hayo yanaamuliwa ndani ya sekunde chache, moyo ukidunda kwa kasi yake ya juu kabisa, kidole gumba kikiwa hakibanduki mahali ulipo kwenye ramani. Ndiyo maana mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 29 anaweza kushindwa hapa na yule ambaye barabarani angemwacha kwa dakika nne.

Kwetu mazoezi ni kundi. Alfajiri unatoka na wenzako, unashikilia mgongo wa aliye mbele yako, na hata miguu ikikataa huachii. Njia hiyo imetoa mabingwa wa dunia wasiohesabika, na uvumilivu ninaoutegemea mbio zikikaribia mwisho nilipewa na kundi. Lakini kundi halikuulizi unaelekea wapi. Huku klabu huwapeleka msituni watoto wa miaka minane au tisa, kila mmoja na ramani yake, mtu mzima akifuata kwa mbali bila kusema neno. Mtoto akipotea haitwi. Niliwahi kumwona msichana mdogo akilia chini ya msonobari, ramani ameikunjakunja. Akanyamaza mwenyewe, akaigeuza hadi ikalingana na sindano ya dira, akatazama ukuta wa mawe uliokuwa kando yake, akautafuta kwenye karatasi, akaondoka upande ulio sawa. Hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu hapa hilo ni jambo la kawaida. Kwangu mimi siri ya watu hawa iko hapo hasa, kuliko kwenye misitu yao.

Misitu nayo inawafaa, sikatai. Uswidi kuna haki inayoitwa allemansrätten: mtu yeyote anaruhusiwa kupita kwenye ardhi ya mwingine mradi asiharibu wala kumsumbua mwenyewe. Mashindano ya orientiringi ya O-Ringen, yaliyoanza 1965, huwakusanya maelfu ya watu kila kiangazi, watoto hadi wazee, na yangekuwa magumu bila haki hiyo. Kwetu ardhi ina hati na ua, na ukionekana ukikatiza shamba la mtu mbio mbio utaulizwa unafukuzwa na nani. Siwalaumu watu wetu. Nchi iliyonyang'anywa mashamba yake na wakoloni ina sababu ya kulinda mipaka.

Kuhusu pesa, nyumbani wana haki ya kuuliza. Simone Niggli-Luder wa Uswisi ana dhahabu 23 za ubingwa wa dunia, na sidhani kama mtaani kwetu kuna anayelijua jina lake. Wengi ninaoshindana nao wana kazi au masomo. Mbio za barabarani kwetu zimejenga nyumba na kulipa karo, na siwezi kumshauri kijana mwenye kipaji cha marathoni aiache. Lakini kuna jambo ambalo nataka walijue wale wanaopima kila mchezo kwa zawadi. Mwaka 2009 huko Hungaria, katika mbio za kupokezana za ubingwa wa dunia, Thierry Gueorgiou wa Ufaransa alikuwa akigombea dhahabu katika zamu ya mwisho alipomkuta Martin Johansson wa Uswidi amejeruhiwa vibaya, kijiti kimemchoma pajani. Akasimama kumsaidia. Anders Nordberg wa Norwe na Michal Smola wa Ucheki nao wakasimama. Dhahabu ikaenda Uswisi. Mimi nataka wanangu wakulie kwenye michezo yenye watu wa namna hiyo.

Na tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kila aliyefanya mtihani wa Jiografia kidato cha nne alisoma ramani ya 1:50,000, akapima umbali kwa uzi, akakokotoa mwinamo. Tulifanya yote hayo tukiwa tumekaa kwenye madawati, na wengi hawakuwahi kusimama kwenye kilima walichokikokotoa. Mbio fupi za orientiringi hutumia ramani ya 1:4,000 na huchezwa katikati ya majengo. Shule ya bweni yenye madarasa, mabweni, uwanja na miti michache inatosha. Hakuna msitu unaohitajika wala ua wa jirani wa kuruka, na programu za bure za kuchora ramani hizi zipo. Mwalimu wa Jiografia na wa michezo wakikubaliana, wanafunzi wanaweza kuanza muhula ujao. Nikija likizo mwezi Desemba nitaanza kuichora ramani ya shule niliyosoma. Mwalimu mkuu amekwisha kunikubalia, na ameomba tuanze na wanafunzi wapya.