Kamera Ikikutazama Usoni, Inapima au Inakisia?

Ahadi yenyewe ni tamu. Unakaa mbele ya simu, unatulia kwa nusu dakika au dakika nzima, kamera inakutazama usoni, kisha majibu yanajipanga kwenye kioo: mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha, oksijeni, msongo wa mawazo, hata hatari ya kupata kisukari au ugonjwa wa moyo. Hakuna sindano, hakuna mkanda wa kubana mkono, hakuna foleni. Anayethubutu kuuliza swali mbele ya ahadi kama hii huonekana mtu wa zamani, au daktari anayelinda kibarua chake.

Naona wanaosita hawajasikilizwa vizuri. Wengi wao hawabishi kwamba kamera inaona kitu. Ubishi wao ni juu ya vile vinavyopachikwa kwenye kitu hicho.

Kinachoonekana ni hiki. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo katika vimishipa vya ngozi. Hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, hunyonya mwanga, hasa wa kijani, hivyo rangi ya uso hubadilika kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni lakini kamera hukinasa. Mwaka 2008 Verkruysse na wenzake walionyesha kwamba kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida wa chumbani vinatosha kusoma mapigo ya mtu kutoka usoni. Miaka miwili baadaye Poh, McDuff na Picard wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walifanya hivyo kwa kamera ya kompyuta, tena kwa watu zaidi ya mmoja kwa pamoja. Hii ni fizikia, na haina mgogoro.

Faida zake pia ni za kweli. Ngozi ya mtoto njiti ni laini kiasi kwamba kubandua vibandiko vya kupimia huweza kuichubua. Kwake kamera inayosoma mapigo na pumzi bila kumgusa ni nafuu kubwa. Vivyo hivyo kwa aliyeungua. Isitoshe, kuna takwimu ambayo kila mwenye shaka anapaswa kuikabili kabla ya kufungua mdomo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Hao ni karibu watu milioni 590. Simu nyingi tayari zina kamera. Mwenye kusema "tuwafikie kwa kilichopo mikononi mwao" ana hoja nzito, na sioni haja ya kumkejeli.

Ila watu hao milioni 590 ndio hasa wanaonitia wasiwasi.

Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Mkanda wa mkononi huipima kwa kuibana mishipa yenyewe hadi damu isimame, kisha kuiachia taratibu. Kamera haina njia ya kuigusa nguvu hiyo. Inachoona ni umbo la wimbi la mapigo juu ya ngozi, na kutoka hapo akili mnemba iliyofunzwa kwa nyuso za watu wengine inabashiri namba. Baadhi ya programu hukuomba kwanza uingize umri, jinsia, urefu na uzito, na hapo ndipo shaka inapoanza kunoga. Ukijua umri na uzito wa mtu, tayari unaweza kubashiri presha yake kwa kiasi fulani huku umefumba macho. Je, uso umeongeza nini?

Tuifikirie programu isiyotazama uso kabisa. Kila mtu inampa jibu moja: 120 kwa 80. Tuijaribu kwa vijana mia moja wenye afya. Wastani wa makosa yake utakaribia sifuri, kwa sababu waliopewa pungufu watafidiwa na waliopewa zaidi. Mwenye kuiuza anaweza kutangaza wastani huo bila kusema uongo hata kidogo. Sasa aje mtu mwenye 180 kwa 110, ambaye hajisikii vibaya, hana dalili yoyote, na hajawahi kupimwa maishani. Naye ataambiwa 120 kwa 80. Atashukuru, ataizima simu na kwenda zake. Programu imekosea kwa mtu yuleyule iliyetengenezwa kwa ajili yake, na wastani hauonyeshi kosa hilo.

Programu halisi si za kijinga namna hiyo, nakubali. Lakini mfumo wowote uliofunzwa kwa watu wengi wa kawaida na wachache wenye presha kali huvutwa kuelekea katikati, na kuvutwa huko ndiko hatari ilipo. Waliotunga kiwango cha kimataifa cha vipimo vya presha vya mkanda, ISO 81060-2, walilijua hilo, ndiyo maana hawakuridhika na wastani. Wanataka kosa la wastani lisizidi milimita 5 za zebaki na mtawanyiko wa makosa, yaani jinsi yanavyotofautiana kati ya kipimo na kipimo, usizidi 8. Wanataka watu wasiopungua 85. Halafu wanaongeza sharti ambalo kwangu ndilo moyo wa jambo lote: miongoni mwa vipimo, angalau asilimia 20 viwe na namba ya juu ya 140 au zaidi, asilimia 5 vifike 160 au zaidi, na asilimia nyingine 5 viwe 100 au chini. Yaani kipimo kithibitishwe kwa wagonjwa, si kwa wazima peke yao. Ukikutana na tangazo la skani ya uso linalojivunia usahihi wa presha, uliza jambo moja tu: mlijaribu kwa watu wangapi wenye 160? Ukipewa asilimia ya jumla badala ya jibu, umeshajibiwa.

Kuhusu sukari sina mengi. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Ikiwa kifaa kinachokaa juu ya ngozi mchana kutwa hakijafika huko, kamera iliyo mbali na mtu ina kazi.

Upande wa watetezi wa skani una utafiti wake, na nisiuruke, maana ni kazi ya wanasayansi makini. Mwaka 2020 jarida la European Heart Journal lilichapisha utafiti kutoka China uliotumia picha nne za kila mtu, yaani ya mbele, mbili za pembeni na moja ya utosi, ili kutambua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mfumo ulifunzwa na kuhakikiwa kwa wagonjwa 5,796. Ulipojaribiwa kwa wengine, uliwatambua asilimia 80 ya wenye ugonjwa. Vichwa vya habari viliishia hapo. Namba ya pili haikusafiri sana: kati ya wasio na ugonjwa, mfumo uliwaachia huru asilimia 54 tu. Waliobaki, asilimia 46, walinyooshewa kidole bila kosa.

Namba hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Wale waliojaribiwa walikuwa watu waliokwisha kupelekwa hospitali kuchunguzwa mishipa ya moyo, hivyo wagonjwa miongoni mwao walikuwa wengi. Tuuhamishe mfumo huo uende kwa umma, kwenye simu za watu elfu moja, na tuseme 50 kati yao wana ugonjwa kweli. Utawakamata 40. Kumi watarudi nyumbani wakiwa wametulizwa, labda hata ile maumivu ya kifua ya juzi wataipuuza. Kati ya 950 wazima, 437 wataambiwa wana hatari. Jumla ya waliotiwa hofu ni 477, na wenye ugonjwa miongoni mwao ni 40, yaani mmoja kati ya kumi na wawili. Kuwathibitisha hao wote kunataka madaktari, mionzi, dawa ya kung'arisha mishipa inayodungwa mwilini, na kwa wengine mrija unaoingizwa hadi kwenye moyo. Skani ni ya bure. Kinachofuata si cha bure, na hakilipiwi na mwenye programu. Kinalipwa kwa pesa za mgonjwa, na kwa nafasi ya mgonjwa mwingine aliyesukumwa nyuma ya foleni. Waandishi wa utafiti wenyewe hawakudai kwamba mfumo wao uko tayari kwa kazi ya namna hiyo. Wanaodai ni wauzaji waliokuja baadaye.

Hapo mtetezi hujibu: lakini afadhali kitu kuliko kutokuwa na kitu. Ni hoja yenye huruma ndani yake, na pahali pengine ni ya kweli. Utafiti uliofanywa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2018 ulitumia kamera ya simu kutazama nyuso za wagonjwa waliolazwa, ukitafuta aina ya mapigo yasiyo na mpangilio ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, hali inayoongeza sana hatari ya kiharusi. Kamera iliwatambua asilimia 95 ya wenye hali hiyo, na ikawaachia huru asilimia 96 ya wasio nayo. Tupige hesabu ileile. Kati ya watu elfu moja, tuseme 20 wanayo. Kamera inawakamata 19. Wazima wanaoshtuliwa ni kama 39. Mmoja kati ya watatu walioshtuliwa ana tatizo kweli, na kumthibitisha kunahitaji kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho hakina uchungu wala hakichukui muda. Kuhama kutoka wodini kwenda kwa umma kutapunguza usahihi huo kiasi, kwa sababu ya mwanga hafifu na watu wasiotulia, lakini hapo faida inayopatikana kwa hofu hiyo naielewa.

Tofauti ya kazi hizi mbili haimo kwenye ubora wa kamera. Mapigo yasiyo na mpangilio ni kitu kinachotokea kwenye ngozi wakati huohuo kamera inapotazama, inayahesabu. Mishipa ya moyo iliyoziba haipo usoni. Zipo ishara zinazohusiana nayo, kama mvi, upara na makunyanzi, ambazo nyingi hutuambia jambo moja, kwamba mtu amezeeka. Wanaosita wanaitaka mipaka hiyo ichorwe na kuandikwa wazi kwenye kioo, mbele ya mtumiaji. Sijaona kwa nini ombi hilo liitwe woga wa teknolojia.

Kisha kuna rangi ya ngozi, jambo ambalo watetezi hulitaja kwa sentensi moja na kuendelea. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kifaa kilichotumika hospitalini kwa miongo mingi bila maswali mengi. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni yao ni kati ya asilimia 92 na 96, damu ya mshipani ilionyesha kuwa asilimia 11.7 ya weusi walikuwa chini ya 88, hali ya hatari. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa hicho hubana kidole na hutumia taa yake chenyewe. Kamera iko mbali, inategemea mwanga wa dirishani, na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, humeza sehemu ya mwanga huo kabla haujafika kwenye damu. Atakayesema tatizo hili limekwisha atuonyeshe matokeo ya kila rangi ya ngozi peke yake, yasichanganywe kwenye kapu moja.

Historia nayo ina neno. Wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, mwaka 2003, Kanada iliweka kamera za joto kwenye viwanja vya ndege. Mamilioni ya wasafiri walipita katika uchunguzi wa mipakani, wa kamera na wa fomu, na hakupatikana hata mgonjwa mmoja wa SARS. Kamera ziliona joto la ngozi vizuri tu, lakini joto la ngozi si SARS.

Suala la faragha limesemwa sana, nitaongeza upande mmoja. Kwa kipimo cha mkanda, mtu hujua anapimwa, maana anabanwa. Kamera haihitaji mtu ajue. Teknolojia ileile inayomwonea huruma mtoto njiti inaweza kukaa juu ya meza ya usaili wa kazi au kwenye simu ya video na wakala wa bima. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya imepiga marufuku, tangu Februari 2025, mifumo ya kubaini hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Msamaha huo una mantiki yake, lakini pia ni mlango. Skani inayopima "msongo wa mawazo" wa wafanyakazi kila asubuhi itaitwa huduma ya afya, na mfanyakazi anayekataa kutazamwa atatakiwa aeleze anaficha nini.

Kwa hiyo mimi niko na wanaosita, ingawa kamera ya wodini naiunga mkono, na ya mapigo pia. Inayouzwa kwa umma na kutoa presha, sukari na hatari ya moyo kwa mkupuo mmoja ingepaswa kutimiza mambo matatu kabla ya kupakuliwa na yeyote: matokeo yake kwa wagonjwa yachapishwe kando na ya wazima, yatenganishwe kwa rangi ya ngozi, na atajwe kwa jina atakayelipia kipimo cha kuthibitisha cha kila aliyeshtuliwa. Sharti la tatu ndilo kampuni zitakalolipinga kuliko mengine, kwa sababu likikubaliwa, kila kengele ya uongo itaingia kwenye hesabu zao badala ya kuishia kwa aliyepimwa.