Kisiwa Kisicho na Chumvi

Ndugu wakishasikia umehamia kisiwani nchi ya watu, umekwisha. Shemeji yangu wa Bububu aliona picha moja tu, jua linazama nyuma ya mtumbwi, akanipigia papo hapo: "Mwenzetu unakula raha, hebu nitupie laki mbili." Picha yenyewe nimeipiga nimesimama juu ya gogo la mti kwa sababu chini ni tope tupu, na mkono wa pili nimejiziba pua na mdomo. Jioni ile vijidudu vya ziwani vilikuwa vimepanda angani kama moshi wa tanuri la chokaa. Ukipiga mwayo tu, umeshakula daku.

Mimi ni fundi majokofu. Kazi nimepata kwenye hoteli ndogo hapa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Mke wangu aliponiuliza kukoje huko, nilimjibu kwa kifua mbele: "Sisi watu wa Unguja utatutisha kwa kisiwa? Kisiwa ni kisiwa." Kauli hiyo sasa ananirudishia kila siku, hasa mvua ikinyesha. Na huku mvua haina adabu ya masika na vuli. Inakuja tu, kama mgeni aliyesikia mmepika.

Vituko vilianza mpakani. Bibie alikuwa amefunga mbuzi wake wa nazi ndani ya begi, maana alisema hawezi kukaa nchi ya watu bila mbuzi. Kijana mmoja wa pale anauliza kwa Kiswahili kizuri tu, "Mama, umebeba nini?" Bibie anajibu, "Nguo na mbuzi." Kijana akalitazama begi. "Mzima?" "Mzima, ila meno yamechakaa kidogo." Tulikaa pale mpaka mbuzi akatolewa, akakaguliwa, akakaliwa.

Basi tukapita Masaka, tukashuka Bukakata, tukavuka kwa kivuko mpaka Luku, tukaingia kwenye teksi. Teksi ya huku ni ile sisi tunayoita daladala, usije ukafikiri nilikodi gari. Barabara inaingia katikati ya mashamba, na bibie akapiga ukelele: "Minazi! Tazama minazi!" Kulia minazi, kushoto minazi, haina mwisho. Akanishika mkono, na mimi nikajiona mume wa maana. Abiria mwenzetu akatuangalia kwa huruma. "Hiyo si minazi, nnyabo. Ni ya mafuta." Michikichi! Kisiwa kizima wamekipanda michikichi ya kukamua mawese, nazi hata ya dawa hakuna. Bibie hakusema neno mpaka mjini Kalangala. Mbuzi akageuka kigoda cha kukalia wakati wa kumenya matoke.

Mwezi wa pili nikaona ndoa inakwenda kombo kwa ajili ya tui. Nikapanda meli ya asubuhi kutoka Lutoboka, mwendo wa masaa matatu na nusu hivi juu ya maji mpaka Nakiwogo, Entebbe, kisha Kampala kutafuta nazi. Meli ya kurudi inaondoka saa nane mchana, na foleni ya Kampala haijui kwamba wewe una meli. Nikalala huko. Siku mbili, nauli, malazi, nazi tatu. Moja ilikuwa imeoza.

Tuje kwenye posho. Mkataba wangu uliandikwa "mshahara, nyumba na posho". Nikamwambia bibie, mshahara tutauweka wote, tutaishi kwa posho. Mwisho wa mwezi nimevaa shati la Ijumaa, nimeitwa ofisini kuchukua posho, na bahasha yangu nimeibeba mwenyewe mfukoni. Karani akanionyesha pembeni ya mlango: kiroba cha unga wa mahindi. Kumbe posho huku ni ugali! Nikauliza, na ile nyingine? Karani akacheka, akaniongezea maharage.

Lakini linaloniuma zaidi ni lugha. Tulijua Kiswahili ni mali, na hata Baraza la Mawaziri la huku liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Tatizo ni kwamba mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, haujasoma tangazo. Huku Kiswahili wamekizoea kwa askari, toka zama za wakoloni mpaka za Idi Amin na baada yake. Na mwaka 2017 kazi ya kupambana na uvuvi haramu ziwani walipewa wanajeshi. Sasa nipime mimi: mwanamume mrefu, kichwa kimenyolewa, nimevaa buti za kazi, alfajiri na mapema nateremka mwaloni, nasema kwa sauti ya kistaarabu kabisa ya Kiunguja: "Assalaam aleikum jamani, samaki wapo?"

Loo! Mwalo ulitawanyika. Mmoja alikalia ndoo. Mwingine alitupa nyavu majini na yeye mwenyewe akazifuata. Mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia akanipungia mikono yote miwili: "Afande, sisi sangara wadogo hatuvui! Wote wamefika inchi 20!" Nami nilitaka wa kukaanga tu, wa kutosha watu wawili. Tangu siku hiyo jina langu ni Afande. Mimi, niliyewahi kukimbizwa na bata mzinga.

Nikasema nijifunze Kiganda, si Kibantu mwenzetu? Hapo ndipo penye mtego. Maneno yanafanana na yetu kama mapacha, ila tabia mbali mbali. Namuuliza kijana wa mtumbwi boti inaondoka lini, ananiambia "kaakati". Mimi nikasikia katikati, nikaenda kukaa katikati ya boti. Kumbe ana maana sasa hivi, na yenyewe pia haikuwa kweli, niliachwa nimekaa pale saa nzima. Fundi wa paa ndiye kiboko. Namwambia bati linavuja juu ya kitanda, anajibu "kale, ssebo". Kale kwao ni sawa, nimekubali. Nikarudi kwa furaha. Wiki ya pili, kale. Mwezi wa tatu, kale. Sasa nimeamini kale yake na kale yetu ni neno moja, maana kazi ile itafanyika zama za Nabii Nuhu zikirudi.

Na maji yamejaa, usifikiri natania. Hoteli hii ilikuwa na ufuo wa mchanga, uko kwenye picha ukutani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita hata rekodi ya 1964, ufuo ukamezwa. Wageni wanauliza ufuo uko wapi, nawaonyesha picha. Mimi mwenyewe, mtoto wa Mkokotoni niliyejua kuogelea kabla ya kujua kusema, mwaka wa pili huu sijatia hata goti majini. Kichocho kiko, mamba yuko, kiboko naye ana zamu yake. Maji hayana kupwa na kujaa kama ya kwetu pwani, yametulia tu yanakutazama. Na samaki anapita mbele ya dirisha langu, lakini minofu yake inasafiri Ulaya. Mimi nakula mapanki, mifupa na kichwa, kichwa chenyewe kinanitazama kama kinauliza visa yangu.

Bibie? Bibie kawa mwenyeji. Anasema "bambi", yaani maskini wee, na "banange", yaani jamani, kuliko waliozaliwa hapa. Kilichomlainisha ni magoti. Siku ya kwanza binti wa jirani alipopiga magoti kumwamkia, bibie nusura atazame nyuma kuona nani kaja. Wakamweleza kuwa kwa Waganda ni heshima, na mke humpigia magoti mumewe. Nikasema hapo sasa! Utamaduni bora ulioje. Sikujua nimeshauziwa.

Jumamosi moja, mwaloni, mbele ya watu, bibie akanikaribia, akashuka taratibu mpaka goti likagusa mchanga, akasema kwa sauti ya asali: "Bwana wangu, naomba tununue yule jogoo." Mwalo wote kimya. Wavuvi wananitazama, wazee wananitazama, jogoo ananitazama. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikalipa hata bila kupatana bei. Toka hapo tumenunua kuku sita, godoro na simu. Nikimwona tu anaanza kukunja goti, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Wiki iliyopita mkataba uliisha. Hotuba nilikuwa nayo tayari, nimeifanyia mazoezi mbele ya jokofu: bibie, tumeona dunia, turudi kwetu, tukale wali wa nazi, maji yana chumvi yake. Jioni akaingia na sahani. Minofu ya sangara, minofu mitupu, amepewa na wavuvi maana yeye si Afande. Akaiweka mezani. Nikakohoa, nikaanza: "Bibie..."

Nikaona goti linashuka.

Nimesaini miaka miwili. Ila safari hii sikukubali ujinga. Nilipofika kwenye neno posho nikaweka kalamu chini, nikamuuliza karani: hii ni ya mfukoni au ya kula?

"Ya kula, Afande."