Bukari si mshitakiwa wa kwanza

Hapa Lubumbashi, mkanda ukianza kubana kwa unene, wa kwanza kulaumiwa ni bukari, yaani ugali. "Acha bukari ya usiku," mtu anaambiwa. Anaacha kweli, kisha anashika mkate wenye mayonezi na chupa ya sukre, yaani soda.

Tupige hesabu. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori 360 hivi. Sasa tazama sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ya watu sita iliyomiminiwa robo lita ya mawese. Mafuta hayo peke yake yanapita kalori 2,000, karibu 340 kwa kila sahani, karibu sawa na gramu hizo 100 za unga wa bukari! Gramu ya wanga ina kalori 4, ya mafuta 9, nayo yanazama ndani ya majani yasionekane. Mpishi asimimine kwa jicho: kijiko kimoja cha mezani kwa kila mlaji kinatosha, kalori 120 hivi.

Vinywaji navyo vinapita kimya. Sukre ya sentilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, kama vipande saba vya sukari ya chai. Chupa kubwa ya bia inakaribia kalori 300. Na baada ya kunywa, nani anapunguza tonge?

Ila wanaosema unene ni ulafi tu, nao hatukubaliani nao. Kuna urithi, kuna usingizi mfupi, kuna kazi ya kukaa kutwa. Tena mwili hutetea mafuta yake: yakipungua, leptini, homoni inayotoka humo na iliyotambuliwa mwaka 1994, hushuka, njaa inapanda na mwili unabana matumizi. Ndiyo maana anayeshinda siku kumi kwa maji ya ndimu tu huzirudia kilo zake.

Kipimo cha unene ni rahisi: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 77 amefika 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unapoanza. Zungusha pia futi ya fundi cherehani katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo. Mwanamke akipita sentimita 88, mwanaume 102, apimwe sukari na presha.

Kinachotukera zaidi ni vidonge vya kunenepesha, hasa deksametazoni (dawa ya kutuliza uvimbe), vinavyonunuliwa bila karatasi ya daktari ili kupata "mwili mzuri". Mafuta yanajaa usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja ikikonda na sukari ikipanda damuni. Aliyevimeza kwa majuma kadhaa asiviache ghafla: tezi zilizo juu ya figo zimezoea kulala, na presha inaweza kuanguka vibaya. Aende kwa daktari apunguziwe dozi polepole, akibeba pakiti yenyewe, maana jina alilotajiwa na muuzaji mara nyingi si jina la dawa.