Bakapu za edita: kabla hujazizima, nisikilize kidogo

Kuna ushauri vijana wa programu hapa Kigoma wanapeana sana siku hizi, kwamba ukishajua Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo) basi zima bakapu zote za edita, yaani programu ya kuandikia msimbo, yale mafaili ya ripoti.py~ ya Emacs na .ripoti.py.swp ya Vim, eti yanajaza foda takataka. Uchafu upo kweli, ila mi naona hapo bakapu zinaonewa.

Git inatunza ulichokomiti, yaani ulichoiamuru ikihifadhi, basi. Ulichoandika baada ya hapo haina habari nacho. Sasa upo zako Mwanga na kompyuta ya mezani haina UPS (betri ya akiba), umekomiti asubuhi, saa nane mchana umeme huo umekatika. Vim, mipangilio yake isipoguswa, inaandika swap (lile faili la .swp) kwenye diski kila ukifikisha herufi 200, au ukiacha kubofya kwa sekunde 4, kinachotangulia. Sekunde 4 jamani! Yaani ukisimama tu kufikiria jina la kigezo, kazi yako tayari iko kwenye diski, na hata ukiandika mfululizo bila kupumua herufi 200 ni mistari michache tu, ndio unachoweza kupoteza, wakati aliyezima swap akabaki na Git peke yake anarudi kwenye komiti ya asubuhi. Emacs nayo ina autosevu, lile faili lenye reli mwanzo na mwisho, #ripoti.py#, kila mibofyo 300 au ukitulia sekunde 30 hivi.

Kinachoniuma zaidi ni umeme ukirudi. Mtu anafungua faili, Vim inamletea maandishi marefu ya ATTENTION, anashtuka, anabonyeza D ili yaondoke. D inafuta swap! Bonyeza R, kazi inarudi, isevu kwa jina jingine, ilinganishe na ile ya zamani, ndio ufute swap.

Wanaotaka kuzima wana hoja moja nzito, na sio ya uchafu. Ukihariri config.php moja kwa moja kwenye seva, edita ikaacha config.php~ pembeni, seva nyingi hazioni .php mwishoni kwahiyo haziliendeshi, zinalitoa kama maandishi ya kawaida, na paswedi ya databesi anaisoma yeyote atakayekisia jina. Hilo halina utetezi.

Ila dawa yake ni kuzihamisha. Kwenye Vim weka set directory=~/.vim/swap// (foda uitengeneze mwenyewe kwanza), na ile mikwaju miwili ya mwishoni usiiache, ndio inafanya jina la swap libebe njia nzima ya faili, index.php za miradi miwili zisigongane. Emacs kuna backup-directory-alist kwa yale ya kiwimbi (~), autosevu inahamishwa na auto-save-file-name-transforms. Halafu *~ na *.swp ziingie kwenye orodha ya Git ya kupuuza, ile ya core.excludesFile, mara moja kwa miradi yote. Foda lenyewe lipe ruhusa 700 (wewe pekee ndio unaweza kulifungua) maana siri zinaweza kuwa humo.

Na kama lazima uzime kitu, zima ya kiwimbi. Ile ni nakala ya faili lilivyokuwa kabla hujalisevu mara ya kwanza tangu ulifungue, na hiyo kwa kiasi kikubwa Git inayo. Swap na autosevu ziache.