Hela ya chupa: Dodoma haikosi utayari

Kila linapozuka wazo la kuweka mashine za kupokea chupa za plastiki mijini, jibu la haraka huwa kwamba Watanzania hawana utamaduni wa kurudisha chupa. Nalitilia shaka. Nunua soda ya chupa ya kioo katika duka lolote la Majengo au Area C: ukitaka kuondoka nayo, muuzaji atakudai chupa tupu ya kubadilishana au hela ya chupa, na mtoto anayetumwa soda hutoka nyumbani na chupa mkononi bila kukumbushwa mara mbili. Utayari upo. Kinachokosekana ni thamani, kwa kuwa chupa ya plastiki ikiisha maji haina bei mikononi mwa aliyeinunua.

Tazama hesabu yake. Waokota chupa huuza kwa kilo, na chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi. Kilo moja, basi, hudai chupa 50 hadi 100. Msafiri aliyemaliza maji yake stendi kuu ya Nzuguni hana cha kuuza. Ni mwenye kiroba na siku nzima ya kutembea tu awezaye kuifikisha kilo. Mashine inayolipa kwa kila chupa hubadilisha kipimo chenyewe. Lithuania ilipoweka amana, yaani hela ya chupa inayorudishwa, ya senti 10 za yuro kwa kila chupa mwaka 2016, urejeshaji ulipanda kutoka takribani theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 90 ndani ya miaka miwili. Wananchi wale hawakuhubiriwa usafi (mahubiri hayo hata sisi hatujayakosa). Walifuata hela yao.

Wenye shaka nao wana hoja. Mashine ni ghali, hutegemea umeme, na pasipo amana inayolipwa wakati wa kununua, hela ya kurudisha haina pa kutoka. Zaidi ya hayo, mashine nyingi huitambua chupa kwa kusoma mistari ya msimbo iliyo kwenye lebo, na hukataa chupa iliyopondwa, ilhali mwokota chupa huziponda kwa kisigino ili kiroba kimeze nyingi. Akisahaulika, atakayekosa riziki ni yuleyule aliyeifanya kazi hii tangu zamani. Hata hivyo, hilo hutatulika kwa kuweka mhudumu kando ya mashine, azihesabu chupa zake kwa mkono na kumlipa bei ileile. Ningeanzia Nzuguni, na amana ingetangulia mashine.